Chuma Hakina Mtani

Naanza na tairi.

Tairi moja, peke yake, bila gari, linateremka mlima mchana kweupe. Mwanzoni linayumba kama mlevi anayetafuta njia ya kwao. Halafu linakaa sawa katikati ya lami na kuanza kukimbia.

Naliona kwa macho yangu mawili. 

Chini ya mteremko ule, kwenye kibanda cha mananasi, yuko mama yangu.

Jamani, naogopa hata kuandika. Miezi imepita, lakini mpaka leo nikisikia kitu kinagonga chini ya gari, nashuka palepale. Ngoja nianze mwanzo, nisije nikaitwa mzushi.

Naitwa Kelera. Ni fundi wa magari makubwa kwenye gereji ya mabasi hapa mjini Labasa, kisiwani kwetu, si mbali na kiwanda cha sukari. Ndiyo, mwanamke. Hilo tumeshalimaliza, tuendelee.

Bosi wetu, Shalendra, alinunua spana ya kipimo mpya. Kama huijui, ni spana ndefu yenye namba kwenye mpini. Unazungusha mpini mpaka namba unayotaka, unakaza nati, na nguvu ikitosha inalia yenyewe.

Tak!

Ukisikia tak, unaacha. Ukizidisha, bolti inavutika na siku moja itakatika. Ukipunguza, nati inajifungua taratibu barabarani, na abiria wanaimba tu nyuma, hawajui.

Bosi aliitundika ukutani peke yake kama picha ya marehemu. Na alikuwa na masharti nayo kuliko mganga.

"Hii haifungui nati. Inafunga tu," alituambia siku ya kwanza, kidole juu. "Jioni irudishwe namba ya chini kabisa, springi ndani ipumzike. Ikianguka au ikitoka nje ya gereji, haigusi gari mpaka ipimwe. Mkiniharibia waranti, mtanijua mimi ni mtoto wa nani."

"Ndiyo bosi."

"Kelera, wewe ndiye utakayeishika."

Nikavimba kichwa. Spana ikawa mwanangu.

Sasa aingie Apisai.

Apisai ana kilori chake cha kubebea muhogo na mizizi ya kava, ile tunayotengenezea kinywaji. Kijiji chao na kijiji chetu ni watani tangu enzi za mababu. Utani wa jadi kabisa, ule ambao mtu anaingia kwako, anachukua kuku, anakula, halafu anakulaumu kwamba alikuwa amekonda. Na wewe unacheka. Ukinuna, umeshindwa wewe na ukoo wako mzima.

Baba yangu alipofariki, Apisai alikuja msibani amevaa kofia ya marehemu, akawa anawagombeza wapishi kwa sauti ya baba. Mama alicheka huku analia. Siku ile nilimpenda yule mtu, sitaki kudanganya.

Lakini ana mkono mrefu. Ndala zangu kachukua. Mwavuli wangu kachukua. Samaki wa kopo niliyemficha nyuma ya boksi la vilainishi, alimfuata mpaka hukohuko.

Siku hiyo nilikuwa nimeiweka spana mia sita, nataka kufunga tairi za nyuma za basi. Nikageuka kuchukua nati. Nikarudi.

Spana hakuna.

Nikasikia kilori kinanguruma getini na mtu anapiga kelele, "Mtani! Nimepata fimbo ya kutembelea!"

Gereji nzima ikavunjika mbavu. Nikachukua spana yetu ya kipimo ya zamani, ile nzito, nikamaliza kazi nayo. Nikasema kesho ataleta.

Kesho hakuleta. Wiki ikapita, nyingine ikapita. Bosi alikuwa kwao Ba, kisiwa cha pili, kwenye harusi ya mdogo wake, kwa hiyo sikuwa na presha. Kila nikimuona Apisai barabarani ananipungia. "Fimbo yako nzuri, mtani! Goti haliniumi tena!"

Alipoirudisha, aliileta imefungwa kwenye jani la mgomba, imepakwa mafuta ya nazi kuanzia kichwa mpaka mkia, na kitambaa chekundu shingoni. Akapiga magoti pale gereji mbele ya watu na kunikabidhi kwa mikono miwili kama anapeleka zawadi kwa chifu. Watu wakapiga makofi.

Nikaifungua. Nikaangalia namba.

Mia sita. Palepale nilipoiacha siku aliyoikwapua.

Ndugu zangu, hapo moyo ulinigonga. Springi haikupumzika hata siku moja. Swali likanijia mpaka kwenye ulimi: umeifanyia nini?

Lakini unamuulizaje mtani swali la namna hiyo, uso umeukunja, mbele ya watu wanaopiga makofi? Ukimuuliza kwa dhati umeua mchezo. Utasikia kijiji kizima, mtani wa watu kashindwa, kanuna kwa sababu ya kipande cha chuma.

Nikacheka. Nikaifuta mafuta. Nikaitundika.

Siku ileile basi la bluu likaja kubadilishwa tairi za nyuma. Lilikuwa limekodiwa na akina mama wa kanisa letu kwenda Savusavu, ng'ambo ya milima, kwenye harusi Jumamosi. Nikaliinua, nikatoa tairi kuukuu, nikaweka mpya.

Nikachukua spana, mwanangu. Tak. Tak. Tak. Kila nati, kwa mkono wangu.

Bosi akarudi kutoka harusini, akaona lebo ya ukaguzi kwenye mpini inakaribia kuisha.

"Lazima ipimwe kabla ya tarehe, la sivyo waranti inakufa," akasema. Akaifunga kwenye boksi lake na kuituma Suva, mji mkuu, kwa ndege.  Ningesema nini? Eti ilikuwa fimbo ya kutembelea?

Jumamosi asubuhi nilimsindikiza mama kwenye basi. Alikuwa amevaa gauni lake la bluu la sherehe, mkeka mkubwa begani, na ua sikioni kama msichana.

"Mama, simu umechukua?"

"Nimeiacha kabatini isije ikalowa."

"Mvua yenyewe iko wapi?"

"Wewe unaijua mvua kuliko mimi niliyekuzaa?" Akapanda. Mzee Jagdish, dereva, akapiga honi. Akina mama wakaanza kuimba kabla basi halijatoka getini.

Nilikuwa nimerudi nyumbani nakunywa chai na mkate simu yangu ilipoita. Namba ya Suva.

"Dada Kelera? Naitwa Ateca, natoka huduma ya spana. Bosi wenu hapokei simu, kaandika namba yako pia. Hii mliyoileta, nani kaitumia kufungulia nati?"

"Hakuna. Kwetu hairuhusiwi."

"Yupo, dada. Tena aliongezea bomba kwenye mpini apate nguvu. Ndani meno yameliwa upande wa kufungulia. Na springi imelala, imekaa imekazwa muda mrefu. Waranti imekufa, hiyo hatuwezi kuibeba."

Nikaona sura ya bosi. Nikaanza kutunga maneno ya kujitetea.

"Lakini waranti sicho nilichokupigia," akasema. Sauti ilibadilika, ikawa ya chini. "Ukiiweka mia sita, inalia kwenye mia nne. Nimeirudia, nimeirudia tena, ileile. Inadanganya, dada. Inawaambia imetosha kabla haijatosha. Mmefungia gari gani?"

Nikaweka kikombe chini, nikasimama.

"Dada? Kila nati iliyofungwa na hii spana irudiwe. Leo. Kabla gari halijatembea."

Kabla gari halijatembea!

Nilimpigia Mzee Jagdish. Haipatikani. Ukishaingia kwenye milima ile, mtandao unabaki Labasa na wewe unaendelea na Mungu wako. Nikapiga kwa akina mama wawili watatu. Hawapatikani. Simu ya mama nikaisikia inaita nyumbani kabatini, chumba cha pili.

Nikapiga polisi Savusavu. Kijana wa zamu akasema watatuma mtu apande mlima kutoka upande wao. Lakini upande wao ndio wenye mteremko mkubwa, ule wenye kona na korongo. Basi likianza kuushuka ule na tairi za nyuma zimelegea, polisi atakutana nalo njiani, na sitaki kusema litakuwa katika hali gani.

Nikakimbia gereji. Hakuna gari hata moja, Jumamosi mabasi yote yako njiani. Bosi kazima simu, yuko hekaluni. Nikachukua spana ya zamani, nzito kama dhambi, nikatoka getini nayo begani, sijui nakwenda wapi.

Kilori cha Apisai kikasimama mbele yangu.

"Mtani! Umechukua na wewe fimbo?"

Nikafungua mlango, nikaingia. "Savusavu. Endesha."

"Nina muhogo wa watu hapa..."

"Endesha!"

Akaniangalia usoni. Akaendesha.

Nikamwambia yote njiani. Simu ya Suva, mia sita na mia nne, tairi za nyuma, mama. Nilikuwa naongea haraka. Yeye macho mbele, anakanyaga mafuta. Mashamba ya miwa yakaisha, tukaanza kupanda.

"Jagdish huwa anasimama kwenye kibanda cha mananasi," akasema. "Akina mama lazima washuke, wanunue, wabishane bei. Tutawakuta pale."

"Na tusipowakuta?"

"Tutawakuta, mtani."

Nikashika spana mapajani kama mtoto. Nikawa nasali kimya kimya. Mungu wangu, wabishane bei. Wabishane mpaka jioni. Yule muuza mananasi awe mgumu leo kuliko siku zote.

Hapo ndipo nikaanza kusikia mlio.

Ngo. Ngo. Ngo.

Nikadhani ni moyo wangu, sifanyi utani. Nikaweka mkono kifuani. Moyo ulikuwa unakwenda kasi kuliko ule mlio.

"Nini hicho?"

"Muhogo nyuma," akasema Apisai. "Unagonga tangu wiki jana."

Ngo. Ngo. Mlio ulikuwa chini ya miguu yangu. Muhogo ulikuwa nyuma.

Tukafika juu kileleni, barabara ikalala, kisha ikaanza kushuka kuelekea kwenye kibanda. Si ule mteremko mkubwa, ule uko mbele ya kibanda. Huu ni mfupi, umenyooka, unaona mpaka chini.

Na chini nikaliona basi. La bluu. Limesimama pembeni, akina mama wanapanda mmoja mmoja na mananasi yao.

"Wako pale! Mtani, wako pale! Piga honi!"

Akapiga honi. Mbali mno. Usukani ulikuwa unatetemeka mikononi mwake, mabega yote yanamcheza. Nikauangalia. Nikaangalia miguu yangu, sakafu inavyogonga.

Akili ikakaa sawa ghafla, na ningependa isingekaa.

"Apisai."

Nilimwita jina lake. Tangu nimjue nilikuwa sijawahi. Akageuka, na nikaona ameogopa kabla hata sijauliza.

"Spana yangu uliifungulia nini?"

"Nati za tairi. Zilikuwa zimekula kutu, zilinishinda. Nikachomeka bomba, zikaachia." Akajaribu kutabasamu. "Spana nzuri sana ile."

"Na kufunga ulifungia nini?"

"Hiyohiyo. Nikakaza mpaka ikasema tak. Si ndivyo huwa mnafanya?"

"Tairi za gari gani?"

Ngo, ngo, ngo, ngo.

"Apisai, gari gani?"

"Hili."

Sikumbuki kama nilipiga kelele. Nakumbuka alikanyaga breki, na upande wangu ukazama kama mtu aliyekanyaga shimo gizani. Chuma kikalia kwenye lami. Cheche zikaruka dirishani. Muhogo ukamwagika barabara nzima. Kilori kikavutwa kushoto, kikapanda ukingo wa udongo, kikajikita pale.

Kimya.

"Mtani, uko mzima?"

"Niko mzima. Wewe?"

"Mdomo nimeuma."

Tukainua macho kwa pamoja, tukaliona.

Tairi letu la mbele, kushoto. Linateremka peke yake katikati ya barabara, limekaa sawa, linakimbia. Mbele yake hakuna kitu chochote isipokuwa basi la bluu.

Nilikuwa nimetoka kwenda kumwokoa mama. Sasa nimemtumia tairi.

Nikaruka nje, nikakimbia. Kiatu kimoja kikabaki. Spana nilikuwa nayo mkononi, sijui kwa nini sikuiacha. Nilipiga kelele "Mama! Mama!" na sauti ikaishia kwenye misonobari, haikwenda popote.

Basi lilikuwa limeshawasha. Moshi ulikuwa unatoka nyuma. Mlango ulikuwa umefungwa na Mzee Jagdish ameanza kulizungusha basi pale kibandani aingie barabarani, kwa hiyo kwa muda mfupi uso wa basi ukageukia juu kwetu.

Tairi likagonga jiwe la pembeni. Likaruka juu.

Jamani. Lilikaa hewani muda mrefu kuliko mahubiri ya Pasaka.

Likatua usoni mwa basi.

Mlio ule sitausahau. Baada yake mvuke mweupe ulifoka kutoka mbele ya basi, ukafunika kila kitu. Nyimbo zikakatika. Nikasikia akina mama wanalia.

Niliendelea kukimbia. Nilichokuwa nawaza ni mama kukaa kiti cha mbele. Siku zote anakaa mbele, eti amsimamie dereva.

Nikafika kwenye mvuke. "Mama! Mama yuko wapi? Mama!"

Mlango ukafunguka. Wakaanza kushuka, wanakohoa, wameshikana. Mmoja. Mwingine. Gauni la kijani. La njano. Siioni bluu, siioni bluu.

"Kelera."

Nikageuka. Amesimama nyuma yangu, nanasi mkononi, ua bado sikioni. Alikuwa bado hajapanda. Muuza mananasi alikuwa amemrudishia chenji pungufu na yeye akagoma kuondoka, Mzee Jagdish akawa anageuza basi huku anamsubiri.

"Kiatu chako kingine kiko wapi?" akaniuliza.

Nikamkumbatia na nanasi lake. Likanichoma, sikujali.

Mzee Jagdish alikuwa ameshuka na hasira zake. Hakuna aliyeumia, zaidi ya magoti yaliyogonga viti. Lakini mbele ya basi palikuwa pamebonyea vibaya na rejeta imepasuka, maji yote yako barabarani.

"Tairi la nani hili? Nani kaniulia basi langu? Nina watu nawapeleka harusini! Hapa sasa hatuendi popote!"

 Nilikwenda nyuma ya basi, nikapiga magoti kwenye tairi nililolifunga mimi mwenyewe. Niliogopa kuligusa.

Nikaweka vidole kwenye nati ya kwanza.

Ikazunguka. Kwa vidole, kama kifuniko cha chupa ya maji.

Ya pili, hivyohivyo. Ya tatu haikuwepo. Ilikuwepo bolti tupu, inang'aa.

"Mzee Jagdish," nikasema. "Njoo uone."

Alikuja huku bado anafoka. Akaona vidole vyangu vinavyozungusha nati.  Akainama, akaijaribu mwenyewe. Kisha akageuza kichwa taratibu akaangalia mbele, mahali ambapo barabara inaanza ule mteremko mkubwa, kona juu ya kona, na korongo pembeni.

Basi lilikuwa limebakiza urefu wake tu kuingia kule. Sisi tulikuwa mbali juu, honi haisikiki, miguu isingewahi. Kama lile tairi lisingetuponyoka, tungefika pale tukakuta maganda ya mananasi.

Mzee Jagdish alikaa chini kwenye lami. Akashika kichwa kwa mikono miwili, akaanza kutaja majina ya wajukuu zake.

Apisai akafika anachechemea, damu mdomoni. Watu wakampisha. Alisimama mbele ya mama yangu, kichwa chini, akaanza kulia kwa sauti, mtu mzima yule mwenye kifua kama mlango.

"Ni mimi, mama. Nilichukua spana, nikaiharibu, sikusema. Nilidhani ni mchezo. Ni mimi."

Hakuna aliyecheka. Mtani kalia, na kwa kweli hatukujua tufanye nini, maana hilo mababu hawakutufundisha.

Mama alimwangalia. Akaliangalia tairi lililolala kwenye maji ya rejeta. Akamwekea Apisai nanasi mikononi.

"Mtani," akasema, "siku nyingine ukiwa na ujumbe, tuma mtu. Usitume tairi."

Mama mmoja akaguna. Mwingine akaangua kicheko, na kile kicheko kikawashika wote, cha watu waliokuwa wanakufa sasa hivi. Wengine walikuwa wanacheka huku wanatapika pembeni. Mimi nililia tu.

Nilizirudia nati zote za basi lile kwa spana ya zamani, basi bovu lisilokwenda popote. Nilishindwa kuziacha vile. Tak. Tak. Mama alikuwa amesimama juu yangu na mwavuli.

"Na hiyo nayo," akauliza kwa sauti ndogo, "ina uhakika inasema kweli?"

Swali hilo hakuna aliyekuwa ameniuliza gereji nzima. Nilimwambia ilipimwa mwezi uliopita. Akasema, "Haya, kaza."

Polisi wa Savusavu alifika baadaye, akatuitia basi lingine. Harusini walifika wamechelewa, wananuka mvuke na mananasi. Wanasema waliimba kuliko siku zote.

Bosi alinifokea mpaka sauti ikamkauka. Nilimwacha afoke, haki yake. Alipomaliza alikwenda nyuma ya gereji, na nikamsikia anapenga kamasi.

Jumatatu Ateca alipiga tena.

"Dada, sikulala. Lile gari mlilipata?"

"Tulilipata."

"Watu wote wazima?"

"Wote."

Alishusha pumzi ndefu. Halafu akakumbuka kazi yake. "Sasa kuhusu waranti, dada, nasikitika, tumejaribu lakini imekufa kabisa. Hailipiwi."

"Dada Ateca," nikamwambia, "heri kilichokufa kiwe waranti."

Najua watanijia hapa kwenye maoni, eti Kelera anaua mila. Sijaua kitu. Utani ndio uliomfanya mama acheke siku ya kumzika baba, na ndio uliotutoa pale kwenye mteremko tukiwa bado binadamu. Ila kuna swali dogo nililimeza kwa kuogopa kuonekana nimenuna: umeifanyia nini? Maneno mawili tu. Ningeyasema, wangenicheka nusu saa. Ukiwa na kitu kinachobeba roho za watu, kubali kuchekwa. Uliza.

Apisai hajabadilika sana. Jana alipita gereji, akafungua bakuli langu, akala samaki wote, akaniachia mifupa na kuniambia chumvi ilipungua. Akachukua na ndala.

Akiwa anatoka akapita ukutani, penye spana mpya. Mkono ukanyanyuka wenyewe, mazoea.

Ukaishia hewani. Akaurudisha mfukoni.

"Hiyo hapana," akasema, mwenyewe, hakuna aliyemwambia. "Chuma hakina mtani."